Naomba ushauri: kufundisha chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha Historia kidato cha tatu, na mada hii inanisumbua. Ukiuliza chanzo cha vita, darasa zima linajibu: "Kuuawa kwa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, kule Sarajevo." Basi. Miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, utaifa, kugombea makoloni, yote wanayakariri kwa ajili ya mtihani, ila hawaoni yanavyoshikana.

Mimi naona uzito uko kati ya 28 Juni 1914, siku ya mauaji, na 4 Agosti, Uingereza ilipoingia vitani. Austria-Hungaria, ikishaahidiwa kuungwa mkono na Ujerumani, iliilaumu Serbia kwa mauaji hayo, ikaipa masharti ya saa 48. Urusi, iliyoiunga mkono Serbia, ikaita askari wake. Ujerumani ikaivamia Ubelgiji ili iifikie Ufaransa. Karibu kila serikali ilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Nataka niwagawe wanafunzi katika makundi, kila kundi liwe nchi moja, lisomewe habari za siku hiyo kisha liamue. Kwa darasa lililojaa na vipindi vifupi, inawezekana? Aliyewahi kufanya anieleze alivyopanga.

La pili: mwanafunzi anayetoka Tanga aliuliza kwa nini ugomvi wa Wazungu ulipiganwa hadi kwao, Novemba 1914, na wapagazi wetu wakafa kwa maelfu. Swali zito hilo, na ningependa somo zima lilizunguke. Nianzie hapo, au nianze na Ulaya kwanza?