Ufunuo ni habari ya kesho au ya jana? Mjomba kauza michungwa

Binti wa Chuda
Salaam wana Tanga. Wenye kuyajua Maandiko nisaidieni, maana nyumbani hakulaliki. Mjomba wangu yuko Muheza, ndani ndani huko. Kauza ekari mbili za michungwa inayozaa, kwa bei ya kutupa. Alikuja mhubiri mgeni na turubai lenye picha ya ile sanamu ya Danieli sura ya 2: kichwa dhahabu, kifua fedha, tumbo shaba, miguu chuma, nyayo chuma na udongo. Akaweka fimbo kwenye vidole vya miguu, akasema sisi tupo hapa, limebaki jiwe tu la kuivunja sanamu, ndio mwisho wa dunia. Mjomba akaona michungwa ya nini tena. Swali langu ni moja. Huu unabii wa Danieli na Ufunuo ni wa mambo yajayo, au ulikuwa wa watu wa zama zile na umekwisha pita?

Mkwezi
Pole dada. Soma Ufunuo 1:1, mambo ambayo hayana budi kuwako upesi. Upesi kwa nani? Kwa makanisa saba, Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia, yote yako Uturuki ya leo. Walikuwa na Kaisari wao anayewatesa. Andika Nero Kaisari kwa herufi za Kiebrania, jumlisha thamani ya herufi, unapata 666, ile namba ya mnyama wa Ufunuo. Ziko nakala za kale zenye 616, na jina lile lile likiandikwa kwa matamshi ya Kilatini linatoa 616. Yohana aliwaandikia watu wanaomjua mnyama kwa sura. Huu ugonjwa wa kupiga hesabu za mwisho wa dunia wameuleta Wasabato, mwaka 1844 walipanda milimani kumngoja Yesu wakashuka na njaa.

Mpare wa Barabara ya Nane
Mkwezi, umenigusa pabaya. Babu yangu alibatizwa Upareni, ambako Wasabato wamekuwapo tangu 1903, na hajawahi kupanda mlima kumngoja mtu. Aliyehesabu zile siku 2300 za Danieli 8:14 akafika mwaka 1843 hivi, kisha mfuasi wake akataja Oktoba 22, 1844, ni William Miller, naye alikuwa Mbaptisti! Kanisa letu limeundwa 1863. Hesabu miaka kumi na tisa hapo. Kama hujui historia ya watu, usiwachafue mbele ya kadamnasi.

Laini Mbili
Mnagombana na marehemu huku mambo yanatokea mbele ya macho yenu. Ufunuo 13:17, mtu awaye yote asiweze kununua wala kuuza asipokuwa na chapa. Leo bila namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, husajili laini ya simu. Namba yenyewe ina tarakimu ishirini na ukaweke kidole juu. Bila laini hutumi hela, hupokei hela. Sisemi ndiyo chapa yenyewe, nasema barabara inachongwa. Mjomba wa huyu dada anaona mbali kuliko ninyi.

Mama Vitumbua
Mwanangu Laini Mbili, sura ya 13 usiiache ilivyokatika, vuka uingie ya 14. Mstari wa kwanza kabisa, wale walio pamoja na Mwana-Kondoo nao wameandikwa jina kwenye vipaji vya nyuso zao. Mbona hao huwaulizi wamechanjwa na nani? Yohana alijua Torati. Kumbukumbu la Torati 6:8, maneno ya Mungu yafungwe mkononi, yawe kati ya macho. Mkono ni kazi yako, paji la uso ni nia yako. Chapa ni habari ya unamtumikia nani. Kitambulisho changu kinakaa kwenye mkoba pamoja na chenji ya vitumbua, na Mungu wangu ni yule yule.

Nawe Mkwezi, kama yote yalikwisha na Nero, nisomee 21:4. Mauti haitakuwapo tena, wala maombolezo, wala kilio. Juzi Jumanne nimezika dada yangu. Hilo halijatimia, na mimi nalingoja kwa nguvu zangu zote. Usinipokonye.

Mkwezi
Mama, pole sana kwa msiba. Nakubali sura mbili za mwisho bado. Kwa Miller nakubali pia, alikuwa Mbaptisti. Lakini waliomngojea si ndio baadhi yao walioanzisha hilo kanisa la 1863? Kwa hiyo sikukosea sana.

Mpare wa Barabara ya Nane
Umekosea sana! Baada ya siku ile kupita, watu walirudi kwenye Biblia kuuliza wamekosea wapi. Ni wangapi hurudi? Kuna waliotaja 1914, kuna waliosubiri 1975, wote hao hukuwaona, umewaona Wasabato tu. Na kama 1844 inakuchekesha, mwaka huo huo mmisionari Krapf alishuka Mombasa na Injili unayojivunia. Kanisani kwetu tunafundishwa Danieli tangu utotoni, sijasikia hata siku moja mtu akiambiwa auze shamba.

Maalim wa Makorora
Ndugu zangu, niruhusuni jirani. Na sisi tunangoja kurudi kwa Nabii Isa, na tunaonywa habari ya Dajali. Lakini Saa, Kurani 7:187 yasema ujuzi wake uko kwa Mola peke yake. Na Mtume amesema, Kiyama kikisimama na mkononi mwa mmoja wenu mna mche wa mtende, akiweza kuupanda, aupande. Nimesikia habari ya michungwa nikashindwa kunyamaza.

Laini Mbili
Maalim kwa heshima, hii mada ni ya Biblia. Kila mtu akae kwenye kitabu chake.

Mama Vitumbua
Wewe kijana! Kwenye msiba wangu nani alibeba jeneza? Maalim na wanawe. Akae hapo hapo alipo. Na alichosema Yesu amekisema, Mathayo 24:36, siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika.

Laini Mbili
Sikumfukuza mama. Nisamehe Maalim.

Maalim wa Makorora
Hapana neno, kijana wangu.

Mzee wa Raskazone
Nimesoma tangu asubuhi, mnaulizana nani alihesabu, na binti aliyeuliza mmemwacha mlangoni. Binti, unabii haukuletwa kama ratiba ya meli. Yona alisema siku arobaini Ninawi utaangamizwa, watu wakatubu, haukuangamizwa. Yona akakasirika kwa sababu hesabu yake haikutoka! Mungu alitaka watu, Yona alitaka tarehe.

Lakini nililotaka kukupa ni Yeremia 32. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe yuko kifungoni, na ni yeye aliyetabiri mji utatekwa. Alikuwa na haki zaidi ya mjomba wako ya kusema shamba la nini. Siku zile zile binamu yake Hanameli akamjia amuuzie shamba la Anathothi. Yeremia akanunua, shekeli kumi na saba za fedha, akaipima kwenye mizani mbele ya mashahidi. Wathesalonike nao walipoacha kazi kwa kungoja, Paulo aliwaandikia asiyetaka kufanya kazi, basi, asile. Anayeuamini mwisho kweli kweli hupalilia. Msomee mjomba, umsomee wewe, usimpelekee mchungaji.

Binti wa Chuda
Shikamoo mzee. Nilimpigia simu jana usiku nikamsomea yote mpaka mwisho. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekatika. Kisha akaniuliza, huyo Yeremia alikuwa na mashahidi wangapi? Nikamwambia haikutajwa idadi, ila hati zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na moja wazi, zikawekwa kwenye chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Akasema yeye ana mashahidi wawili na hati ni moja, anayo mnunuzi.

Mnunuzi si mtu mbaya. Anasema atarudisha ekari moja akirudishiwa hela yake pamoja na gharama ya palizi. Ile ya pili hataki kuisikia. Naomba mwenye kujua, mauziano yaliyopita kwa mwenyekiti wa kijiji yanarudishwaje?

Mkwezi
Yaandikwe upya mbele ya mwenyekiti yule yule na mashahidi wale wale. Na safari hii mjomba achukue nakala yake.

Mpare wa Barabara ya Nane
Dada, Alhamisi nipo Muheza kupakia machungwa. Nitumie jina la kijiji, nitakwenda na mjomba mpaka kwa mwenyekiti. Na Mkwezi, ile ya kupanda milimani bado hujaifuta.