Kikundi kinataka tuunganishe pesa za PDM tununue mashine ya kusaga. Nisaini au nisisaini?

Katibu_wa_Mpakani
Jumatano, saa 2 usiku

Wandugu habari za jioni. Niko West Nile, Uganda, upande wa mpaka wa Kongo. Wilaya naomba niiache, maana kijiji chetu ni kidogo na maneno hutembea. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu 24, wanawake 17 na wanaume 7. Tulianza 2019 na akiba tu, lile sanduku la kufuli tatu, kila Jumapili baada ya ibada. Hatujawahi kupotezeana hata shilingi mia.

Shida yetu ni kusaga. Mashine ya karibu iko senta, kilomita 6. Mtu anabeba beseni la muhogo mkavu kichwani, akifika anakuta foleni, au dizeli imeisha, anarudi nalo. Mwezi wa nne jirani yangu alirudi nalo mara tatu ndani ya wiki moja. Mara ya tatu mvua ilimkuta njiani, muhogo ukaota ukungu, wakala viazi hadi watoto wakaanza kulia wakiona sufuria. Hapo ndipo wazo la mashine yetu wenyewe lilipozaliwa.

Sasa mwenyekiti anasema serikali ina pesa za bure za maendeleo ya jamii, na mlango wake ni PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (parishi ni ngazi ya utawala juu ya kijiji, siyo ya kanisa). Mpango ni huu: kila mmoja aombe ile milioni 1, ikiingia kwenye simu aitume kwa mwekahazina. Zinakuwa milioni 24. Mashine na injini milioni 11, nyumba yake milioni 6, zinazobaki tununue muhogo bei ikiwa chini. Anasema kwa kuwa mali ni ya jamii, hakuna atakayedai.

Halafu kuna jamaa anakuja na pikipiki. Si mtu wa parishi, ila anasema ana watu wake huko. Anataka 40,000 kwa kila jina, "ya mafuta na kuchapisha fomu". Watu 9 wameshalipa. Anataka pia nimpe ukurasa wa daftari langu wenye majina na namba za vitambulisho vya taifa.

Tunasaini Jumapili. Mume wangu anasema nisaini, nisije nikaonekana ndiye niliyewakwamisha wenzangu. Moyo unakataa ila sina la kusema mbele ya watu. Je, hii ni ruzuku au mkopo? Tunaruhusiwa kuiunganisha? Na kama siyo, mashine ya kijiji inaombwa wapi?

DadaKasese
Jumatano, saa 2:20 usiku

Daftari usimpe. Mengine wakubwa watakuja kueleza, lakini hilo la kwanza. Namba 24 za vitambulisho mkononi mwa mtu usiyejua anakolala!

Niliyekaa_Kamatini
Jumatano, saa 3 usiku

Dada katibu, nilikaa kwenye kamati ya maendeleo ya parishi kwetu Busoga, kwa hiyo nakueleza nilichokiona kwenye makaratasi.

PDM ilizinduliwa Februari 2022 kule Kibuku. Parishi inapangiwa milioni 100 kwa mwaka wa fedha. Pesa hizo zinaingia kwenye SACCO ya parishi, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Parishi inapewa. Wewe unakopeshwa. Mwenyekiti wako amesikia neno la juu hajasikia la chini. Kaya inakopa hadi milioni 1, riba ni 6% kwa mwaka, na marejesho yanatazamiwa baada ya miaka miwili, ili jirani ambaye hakupata naye apate. Ukila wewe, unakula zamu ya mwenzako, si ya serikali.

Kikundi chenu kina kazi yake humo. Bila kuwa kwenye kikundi cha shughuli fulani, kilicho mwanachama wa SACCO, huombi. Lakini mkopo ni wa kaya, kwa shughuli ya kaya, na pesa inakuja kwenye akaunti ya mtu, wengi kupitia Wendi, pochi ya simu ya PostBank, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Mashine ikifa, SACCO haitaenda kwa mashine. Itakuja kwako.

Jiulizeni pia, wote 24 wanafaa? Mpango ni wa kaya ambazo bado zinalima kwa ajili ya tumbo tu. Mwenye mshahara au duka kubwa akijichomeka, ni kijiji chenyewe kitakachomkataa siku majina yakisomwa. Na kuna mgawo: 30% wanawake, 30% vijana, 20% wanaume, 10% wazee, 10% watu wenye ulemavu. Sioni jinsi majina 24 ya kikundi kimoja yatakavyopita kwa mkupuo, labda parishi yenu haina watu wengine.

Fomu hailipiwi. Hiyo 40,000 ni ya pikipiki ya jamaa.

Hesabu_Haina_Shemeji
Jumatano, saa 3:40 usiku

Nimeshika kalamu. Watu 24, kila mmoja milioni 1. Baada ya miaka miwili kwa 6%, kila mmoja anadaiwa 1,120,000. Jumla 26,880,000.

Upande wa mashine, na hapa natumia bei za kwetu, wewe weka za kwenu. Mkisaga kilo 150 kwa siku kwa shilingi 200, ni 30,000. Toa dizeli 12,000, toa kijana wa mashine 6,000. Mnabaki na 12,000. Siku 25 za kazi, 300,000 kwa mwezi. Mwaka mzima milioni 3.6, na sijavunja hata mkanda mmoja wala kununua chujio jipya.

Milioni 26.88 gawanya kwa 3.6. Ni miaka saba na nusu. Mna miwili.

Katibu_wa_Mpakani
Jumatano, saa 4 usiku

Hesabu, nimesoma hiyo mara mbili kisha nikamsomea mume wangu. Amenyamaza. Kwetu kusaga ni 150 kwa kilo, siyo 200.

Hesabu_Haina_Shemeji
Jumatano, saa 4:05 usiku

Basi mnabaki na 4,500 kwa siku. Sitaki hata kuendelea.

Mkulima_Halisi
Alhamisi, saa 1 asubuhi

Mnawatisha watu bure. Milioni moja moja ndiyo inayopotea! Kwetu watu walinunua kuku, kideri kikapita, mwezi mmoja manyoya tu. Mwingine alinunua mbuzi watatu, akaozesha binti, mbuzi wakaenda. Pesa ndogo haina heshima ndani ya nyumba. Ikiunganishwa inakuwa kitu kinachoonekana. Serikali yenyewe inatuambia tufanye kazi kwa vikundi, leo watu wakiungana mnasema hapana.

FundiMashine
Alhamisi, saa 1:45 asubuhi

Mkulima, la kuku nakubali, nimezika wangu 60. Lakini ngoja nikupe la mashine, maana nimezirekebisha miaka 15.

Kuna kijiji niliitwa, mashine ilikuja kwa mradi mmoja wa msaada. Nzuri, rangi bado inang'aa. Nilipofungua faneli nikakuta kuku ametaga humo, mayai matano. Injini ilikuwa nzima kabisa! Iliyoharibika ilikuwa mambo ya watu. Nyumba ilijengwa kwenye shamba la shemeji wa mwenyekiti bila karatasi. Wakagombana juu ya jambo lingine, shemeji akafunga mlango kwa kufuli lake. Kikundi kilikuwa na watu 30, na kila mmoja alitaka asagiwe bure kwa sababu "ni yetu". Mwaka haujaisha dizeli ikakosa mnunuzi.

Na hao walipewa, hawakukopeshwa. Je, wangekuwa wanadaiwa 1,120,000 kila mtu?

Mkija kununua siku moja, anzeni na ardhi. Makubaliano yaandikwe, mwenye shamba asaini na mke wake, LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, ashuhudie na kupiga muhuri. Halafu bei ya kusaga iwe moja kwa wote, hata kwa mwenyekiti.

BinBombo
Alhamisi, saa 7 mchana

Nachangia kidogo kwa Mkulima, kwa sababu swali lake ni la kweli. Wakati wa NUSAF, ule mfuko wa kaskazini ulioanza 2003, kulikuwa na sehemu ya vijana. Vikundi viliandika maombi, vilivyobahatika vikapewa pesa taslimu mwaka 2008, ruzuku hasa, wajifunze ufundi na kununua vifaa. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka. Baada ya miaka minne waliopata walikuwa wanaingiza 38% zaidi ya waliokosa. Baada ya miaka tisa waliokosa walikuwa wamewakaribia, tofauti ya kipato karibu imefutika.

Mimi ninachokiona hapo ni kwamba pesa ya mkupuo ilikuwa kama kusukumwa pikipiki isiyowaka. Inakutoa pale ulipo, safari ni yako. Lakini wale walikuwa wanajenga ufundi wa kila mtu, cherehani ni ya fulani, misumeno ya fulani. Haikuwa watu 24 kusubiri riziki kwenye injini moja.

NUSAF za baadaye zilikuwa na jambo nililolipenda. Mradi wa jamii ulichaguliwa kamati tatu: moja inasimamia kazi, moja inafanya manunuzi, moja inawachunguza hizo mbili. Ya tatu ndiyo iliyokuwa inanuniwa kijijini, na ndiyo niliyokaa mimi. Hata kama hamna mradi bado, ichagueni. Muiweke na mtu mbishi.

Niliyekaa_Kamatini
Alhamisi, saa 12 jioni

Nimerudi kwa swali la tatu la katibu, maana tumelipita.

Kwanza, mna wanawake 17. UWEP, mfuko wa wanawake ulioanza 2016 chini ya Wizara ya Jinsia, unakopesha kikundi chenyewe kwa mradi mmoja wa pamoja. Hapo mashine inakaa. Wanatakiwa wanawake 10 hadi 15, umri 18 hadi 65. Mkirejesha ndani ya mwaka mmoja hakuna riba, mkipitisha, 5%. Ubaya ni mbili. Siku hizi nguvu kubwa iko PDM, kwa hiyo muulize CDO, afisa maendeleo ya jamii wa sabukaunti, kama dirisha liko wazi kabla hamjachapisha chochote. Na 17 hawaingii kwenye 15. Wawili watabaki nje, na hilo mlimalize ndani ya kikundi kabla halijafika kwa waume.

Na bado ni mkopo, ile hesabu ya Hesabu_Haina_Shemeji inawahusu. Mashine ndogo, nyumba ya matofali mnayofyatua wenyewe, hiyo milioni 24 isahauni.

Pili ni ruzuku ya kweli. Wilaya na sabukaunti hupata pesa za maendeleo kutoka serikali kuu, DDEG, ambazo baraza linaamua zifanye nini kulingana na mpango. Hii hampewi mkononi. Inajenga kalavati, barabara ya kwenda senta, kibanda cha soko. Kikao cha kijiji kinapendekeza, parishi inapanga, sabukaunti inaingiza kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla. Ukifika mwezi wa tano na barua yako nzuri, utapewa soda na kuambiwa mwakani. Kwetu kisima kilikosa miaka miwili kwa sababu hiyo tu: LC1 alikuwa analiongelea kwenye matanga, hakuna aliyeliandika.

Na PDM msiiache. Kila kaya iombe ya kwake, kwa shughuli yake, ikifika zamu yake.

Mkulima_Halisi
Alhamisi, saa 1 usiku

Sawa, la shemeji na kufuli limenikaa. Lakini huyo wa pikipiki mtamfanyaje?

DadaKasese
Alhamisi, saa 1:10 usiku

Wale 9 waandike kila mmoja alilipa lini, kwa simu au mkononi, mbele ya nani. Ujumbe wa simu wasifute. Wakiwa na LC1 waende kituo cha polisi pamoja, siyo mmoja mmoja. Mmoja anaitwa mchonganishi.

Katibu_wa_Mpakani
Jumapili, saa 3 usiku

Wandugu, nimerudi kutoka kikaoni, miguu bado inatetemeka.

Sikusimama kuhutubia. Nilimuomba mtoto wa darasa la saba aandike hesabu ya Hesabu ubaoni, kwa bei yetu ya 150. Alipofika kwenye 4,500 kwa siku, mama mmoja mzee akauliza, "Hiyo ndiyo inalipa milioni ishirini na sita?" Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti alikasirika, akasema katibu amepeleka siri za kikundi kwenye simu. Akatoka, akarudi baada ya nusu saa kwa sababu baiskeli yake ilikuwa imeegeshwa ndani.

Hatujasaini. Jamaa wa pikipiki alipigiwa, akasema mafuta yameshatumika. Wale 9 wanaenda na LC1 kesho. CDO nimempata kwa simu, amesema twende Alhamisi, wanawake tu, na muhtasari wa kikao. Wawili wa kubaki nje ya 15 bado hatujawapata. Mmoja ni mimi, nadhani, maana naona wengine wanaangalia chini.

Swali dogo: muhtasari niuandike kwa Kiingereza? Changu si kizuri.

Niliyekaa_Kamatini
Jumapili, saa 3:15 usiku

Andika kwa lugha uliyosikilizia kikao, kisha mwalimu wa shule ya msingi akutafsirie nakala ya pili. Weka tarehe, kilichoamuliwa, nani alipendekeza na nani aliunga mkono. Sahihi na dole gumba zichukuliwe kesho mapema wakiwa bado wanakumbuka. Na usijitoe kwenye 15 kabla hujajua nani mwingine anaweza kushika hilo daftari.