Bima ya Swaleh kabla Rukia hajasafiri

*Kikundi: Nyumba ya Bibi, Kibokoni*

Swaleh: Assalamu alaykum nyote. Chuo kimeanza hapa Leipzig, Ujerumani, alhamdulillahi. Nataka rai yenu kabla sijatia sahihi. Ajenti amenipa bima ya kampuni binafsi, yuro 35 kwa mwezi kila mtu. Mimi, Rukia na Abdi ni 105. Bima ya umma ya wanafunzi ni 140 na ushei. Karatasi azitaka leo.

Ami Bakari: Waalaykum salaam mwanangu. Si hesabu iko wazi? Hiyo tofauti ni kama shilingi elfu 5 zetu kila mwezi. Maziwa ya Abdi hayo.

Zuhura: Ami samahani nakukatiza. Swaleh, usitie sahihi! Hiyo 140 ni ya nyinyi watatu.

Swaleh: Watatu vipi? Wameandika bei ya mwanafunzi mmoja.

Zuhura: Mwanafunzi ndiye anayelipa. Mke na watoto wanaingia chini yake bure, maadamu wanaishi naye hukohuko Ujerumani na mke hana kipato cha kupita kiwango walichoweka. Mimi nilikuwa na AOK, bima ya umma ya huko, miaka yangu ya kusoma Bremen. Jirani yangu alikuwa na watoto wanne, na alilipa chini kidogo kuliko mimi, maana asiye na mtoto akishapita miaka 23 huongezewa.

Mama Swaleh: Na kuzaa je? Mimba ya Rukia yaingia mwezi wa tano.

Zuhura: Hapo ndipo roho yangu ilipopaa, Khalati. Bima ya umma yalipa kliniki, mkunga na kuzaa kwenyewe, na mkunga huja mpaka nyumbani baadaye. Hizi za yuro 35 nyingi hazigusi mimba iliyokuwapo kabla ya kukata bima. Swaleh, fungua mkataba utafute palipoandikwa mimba.

Swaleh: Ngoja.

Swaleh: Ukurasa wa 11. Mimba iliyoanza kabla ya bima hawalipi. Na mambo mengine ya uzazi ni mpaka ungoje miezi 8.

Mama Swaleh: Ya Rabi. Mtoto angezaliwa nani angelipa?

Ami Bakari: Nafuta neno langu. Rahisi ghali. Lakini si aichukue hii sasa, akipata pesa ahamie ile ya umma?

Zuhura: Hawezi Ami, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Mwanafunzi akijiondoa kwenye bima ya umma, hairudii tena mpaka amalize masomo. Muda wa kuamua ni miezi 3 ya mwanzo. Swaleh, kwenye hizo karatasi za ajenti iko ya kuomba kujiondoa?

Swaleh: Iko. Nimeshaijaza. Sijaituma.

Zuhura: Ichane. Wewe una miaka 28, na bei ya mwanafunzi yaishia 30. Kesho nenda AOK au TK, zote ni za umma, na barua ya chuo, pasi na anwani yako. Waambie mapema una mke na mtoto wanaokuja, wakupe fomu ya familia.

Rukia: Dada Zuhura, shukran sana. Nilikuwa na hofu na hili jambo lakini sikujua niulize nini. Mimi visa naambiwa huenda ikatoka Desemba. Hiyo bima yanishika nikiwa hapa Mombasa?

Zuhura: La mamangu, yaanza ukishafika na kujiandikisha. Siku za safari na zile za mwanzo kata bima ya safari, wewe na Abdi, na uulize wazi kama yalipa dharura ya mimba. Desemba mwishoni utakuwa umepita wiki 28, ndege nyingi hapo zataka barua ya daktari. Wiki ya 36 ikipita hupandi.

Mama Swaleh: Na visa ikichelewa atazalia hapa, mikononi mwangu. Bima yenu ya SHA, ya serikali, mumelipa?

Rukia: Ya mwaka mzima, Mama. Tulilipa kabla Swaleh hajaondoka.

Ami Bakari: Bima ya safari ya Rukia na Abdi niachieni mimi. Ile tofauti ya kila mwezi pia, Swaleh, usikeshe ukiihesabu.

Swaleh: Allah akujaze kheri Ami. Nimeichana. *[picha]*

Zuhura: Sasa mjibu ajenti, kwa maandishi.