Wanaume wa ukoo wetu hawafiki 60. Nifanye nini mapema? Naombeni ushauri

Baba Watatu
Habari zenu wanajamvi. Nina miaka 47. Babu mzaa baba alifariki akiwa na 58, baba 55, na mwaka huu tumemzika kaka yangu mkubwa akiwa na 52. Alianguka bafuni asubuhi. Bibi yupo mpaka leo, shangazi zangu wote wapo. Nasikia duniani kote wanawake wanatuzidi maisha kwa takriban miaka 5. Je, hii ni damu, tumeshaandikiwa, au kuna la kufanya? Sivuti sigara, pombe niliacha. Tangu msiba usingizi haupatikani. Matusi hapana, tafadhali.

Kisiki
Pole sana mkuu. Damu inahusika kiasi. Wanawake wana kromosomu X mbili, sisi tuna X moja na Y, kwa hiyo jeni ikiharibika kwenye X yetu hakuna ya akiba. Estrojeni, homoni ya kike, nayo inawalinda mishipa mpaka hedhi ikome, ndiyo maana ugonjwa wa moyo hutuwahi sisi kwa karibu miaka 10. Lakini pengo halilingani kila nchi. Urusi linafika takriban miaka 10, na pombe imechangia sana. Ingekuwa damu peke yake, lingefanana kila mahali.

Chapa Mwendo
Kinachotuua ni kunyamaza. Duniani wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Nilikuwa na rafiki, kila ukimuuliza hali anasema "poa tu", mpaka siku tuliyopigiwa simu. Hukusema kama una mtu wa kuongea naye. Usingizi ukikosekana baada ya msiba si jambo la kupuuza.

Teke la Punda
Mkuu, dawa ipo ila hutaipenda. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kumbukumbu za matowashi (wanaume waliohasiwa) 81 wa kasri la wafalme wa Korea. Waliishi wastani wa miaka 70, yaani miaka 14 hadi 19 zaidi ya wanaume wenzao wa hadhi ileile. Nani anaanza?

Nesi wa Usiku
Poleni na msiba. Kaka, umetaja sigara na pombe, presha umeiruka. Ikoje?

Baba Watatu
Presha ipo kidogo. Nilipimwa kazini, 164 kwa 102.

Nesi wa Usiku
Hiyo si kidogo. Unatumia dawa gani?

Baba Watatu
Nilipewa atenololi na nyingine ya kukojolesha. Nimeziacha mwezi uliopita. Dada, naomba unielewe kabla hujanisema. Zile dawa zilinimaliza nguvu za kiume. Ndoa yangu ilianza kuyumba, mke wangu akadhani nina mtu nje. Sasa natembea sana, chumvi nimepunguza, na nikihitaji nameza sildenafili, mambo yanakwenda. Kifua hubana kidogo nikipanda ngazi, nikisimama kinaachia. Mwili wangu naujua, na uamuzi huu sikukurupuka.

Kisiki
Hili ndilo ulipaswa kuanza nalo, mkuu.

Mama Ushauri
Mwanangu, ungemwambia mkeo ukweli tangu siku ya kwanza. Mume wangu alinificha kisukari miaka, mimi nikaona ni dharau. Mwanamke huvumilia ugonjwa, hawezi kuvumilia asichokijua.

Nesi wa Usiku
Sikusemi kaka, ila soma mpaka mwisho. Kifua kinachobana ukipanda ngazi na kuachia ukipumzika ni dalili ya moyo kukosa damu ya kutosha. Atenololi haiachwi ghafla. Moyo uliokuwa umetulizwa huweza kuchachamaa, na mtu akapata shambulio. Nguvu za kiume nazo: mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba mara nyingi huko chini hujulikana kwanza, miaka kadhaa kabla ya moyo. Huenda dawa zimechangia, huenda presha yenyewe ndiyo iliyokuwa inaharibu mishipa. Hizo mbili ulizopewa kweli hulalamikiwa sana. Zipo losartani na amlodipini, ambazo kwa kawaida hazisumbui hivyo. Ulitakiwa kubadilishiwa. Na sildenafili usiimeze tena mpaka moyo upimwe. Ukipelekwa na maumivu ukapewa ile dawa ya kuweka chini ya ulimi wakati sildenafili ipo mwilini, presha inaweza kuporomoka ukafa.

Jicho la Tai
Hii ni chai. Mtu anaomba mbinu za kuishi, kumbe alishapewa akazitupa? Kaka yake kafa mwaka huu, halafu yeye anaacha dawa mwezi uliopita? Hakuna mwanaume anayefanya hivyo.

Teke la Punda
Wapo wengi, nenda kliniki yoyote ya presha uulize waliopotea.

Chapa Mwendo
Hata mimi namba zile zimenipa shaka. Anayekwepa hospitali anakumbukaje 164 kwa 102?

Baba Watatu
Namba niliandikiwa kwenye kadi, ninayo. Jicho la Tai, kaka ndiye aliyeniambia niziache. Alikuwa na presha kama yangu, akasema yeye aliacha na yuko imara. Baada ya mazishi shemeji alinionyesha vidonge vyake, paketi hazijafunguliwa. Nikajiambia kaka alikufa kwa siku yake, kwa sababu nikikubali vinginevyo inabidi niseme alijiua mwenyewe. Siwezi kusema hivyo juu ya kaka yangu.

Mama Ushauri
Pole mwanangu. Hakuna anayesema hivyo.

Nesi wa Usiku
Kifua kikoje sasa hivi?

Baba Watatu
Kimetulia. Nitakwenda Ijumaa, kesho nina zamu.

Nesi wa Usiku
Kesho asubuhi, zamu omba ruhusa. Beba kadi, taja siku uliyoacha dawa na mara ya mwisho kumeza sildenafili. Kikibana ukiwa umekaa, usisubiri kuche.

Jicho la Tai
Basi leta majibu ya kipimo cha moyo hapa tuone.

Baba Watatu
Mke wangu amesoma uzi wote. Kadi anayo yeye, tunatoka saa 12 asubuhi.