Je, Gavana Slaton alistahili kumwondolea Leo Frank adhabu ya kifo?

Mchangiaji aliyenitangulia anashikilia kwamba John Slaton, gavana wa Georgia nchini Marekani, hakustahili kuigusa kesi ya Leo Frank, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ya msichana Mary Phagan, kwa kuwa ofisi yake ya uwakili ilikuwa imeungana na ya Luther Rosser, wakili mkuu wa Frank. Hoja hiyo ni nzito, na lau ningekuwa ndugu wa marehemu ningeitoa mimi mwenyewe. Hata hivyo naamini Slaton aliamua kwa haki alipompunguzia Frank adhabu hiyo, kwa sababu aliziweka sababu zake kwenye maandishi, nazo zinapimika hata na asiyemwamini.

Mary Phagan, msichana wa miaka 13, aliuawa Jumamosi, Aprili 26, 1913, katika kiwanda cha penseli mjini Atlanta, alikokwenda kuchukua ujira wake wa dola 1.20. Frank, meneja wa kiwanda na Myahudi, alihukumiwa kunyongwa hasa kwa ushahidi wa mfagiaji Jim Conley, aliyedai kwamba wao wawili waliushusha mwili kwa lifti hadi chini ya jengo. Lakini Conley huyohuyo alikiri kwamba asubuhi ya siku ile alikwenda haja kubwa ndani ya shimo la lifti. Polisi walioitwa usiku walishuka kwa ngazi, wakakikuta kinyesi kizima. Kilipondeka baadaye, lifti ilipoteremshwa hadi chini. Basi mwili ulishukaje kwa lifti ile bila kukiponda? Slaton alikwenda kiwandani akajionea mwenyewe, na swali hilo akalifanya nguzo ya uamuzi wake.

Wapo wanaokumbusha kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imemkatalia Frank kwa kura 7 dhidi ya 2. Ni kweli, ila mahakama hiyo ilipima kama utaratibu wa sheria ulifuatwa, haikupima kama Frank aliua. Jaji Leonard Roan, aliyeisikiliza kesi yenyewe, aliandika kabla ya kufa akiomba adhabu ipunguzwe.

Frank alikuwa anyongwe Juni 22, 1915, na Slaton aondoke madarakani Juni 26. Angeweza kuahirisha tu, mzigo ukamwangukia mrithi wake, Nathaniel Harris. Badala yake alitia saini kifungo cha maisha siku moja kabla ya kunyongwa, umati ukaivamia nyumba yake hadi askari wakamlinda, na hakushinda tena uchaguzi wowote. Mtu anayemtumikia mshirika wake wa kazi angechagua njia ya gharama namna hiyo?

Frank mwenyewe alitolewa gerezani Milledgeville na genge la watu, akanyongwa karibu na Marietta Agosti 17, na hakuna aliyeshtakiwa. Mwaka 1986 Georgia ilimpa msamaha kwa kushindwa kumlinda, bila kutamka kama aliua au hakuua. Kwa hiyo namrudishia mchangiaji swali: ushirika wa Slaton na Rosser unaelezaje kile polisi walichokikuta ndani ya shimo la lifti?