Mjadala: Misitu ikifunguliwa, mbega na perere waende wapi?

Mama wa Kiambu Road: Tangu Rais Ruto atangaze Julai 2023 kwamba ukataji miti urudi, tunabishana juu ya mvua na bei ya mbao tu. Mimi nawasemea wenye manyoya: mbega, perere (yule pimbi wa mtini), kanu anayefanana na paka, na bongo, swala mkubwa wa msituni. Perere hushinda mchana kutwa kwenye mvungu wa mti mzee, na mti mnene kama huo ndio wenye misumeno wanaoumezea mate. Bongo wa milimani porini amebaki Kenya pekee, na hawafiki 100. Tufungue au tusifungue? Na tafadhali, asiniambie mtu kwamba watahamia kwingine.

Fundi Gikomba: Mama, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kununua mlango. Mbao zilipopigwa marufuku 2019 sisi ndio tuliofunga karakana. Rais alisema ni misipresi na misonobari iliyopandwa ikatwe, imekomaa inaoza. Humo perere yuko wapi?

Wakili Mtaani: Marufuku ilikuja Februari 2018, fundi. Na baada ya tangazo la 2023 Chama cha Mawakili kilikwenda kortini kulipinga. Tusipindishe tarehe.

Fundi Gikomba: Tarehe hailishi watoto.

Msomi wa Ngong: Tuwe wakweli. Kule Kibale, Uganda, watafiti walilinganisha sehemu zilizokatwa miti miaka ya 1960 na ambazo hazikuguswa. Mbega mweusi na mweupe alistawi palipokatwa. Aliyeumia ni mbega mwekundu, hasa palipokatwa sana. Kwa hiyo si kila mnyama hufa msumeno ukilia. Isitoshe, mbega huyo mnayemlilia ndiye wazee huvaa ngozi yake kila mwanasiasa akitawazwa, na hapo sijasikia kilio.

Mjukuu wa Murang'a: Hapo umenichoma. Ngozi ya babu yangu aliirithi kwa babake. Usiwaite wazee wetu majangili.

Msomi wa Ngong: Nimesema jangili wapi?

Mjukuu wa Murang'a: Umeyasema kwa kuzunguka. Mwisho wa karne ya 19 ngozi za mbega zilikuwa zikipakiwa melini kwenda kupamba mavazi ya wanawake wa Ulaya. Hao huwataji. Unamtaja mzee wa kwetu mwenye ngozi moja!

Wakili Mtaani: Kijana, uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali hata kwa ngozi ya urithi. Mila haikulindi mbele ya hakimu.

Mjukuu wa Murang'a: Basi njoo umkamate mzee wa miaka tisini. Njoo!

Mama wa Kiambu Road: Jamani, nimeuliza kuhusu misitu. Na fundi, milango nimenunua, tena kwenu Gikomba. Msomi, hiyo Kibale umeisoma nusu. Mbega wetu anakula majani, chipukizi zikirudi anashiba. Perere hali mvungu, analala ndani yake, na mvungu hauchipuki. Unangoja mti uzeeke. Halafu barabara ya lori ikishapasuliwa, mwenye mbwa na mitego anaifuata hiyo hiyo mpaka kwa bongo.

Fundi Gikomba: Hilo la barabara nakubali. Lakini njoo yadi nikuonyeshe kitu. Kima hupanda msonobari akachuna ganda kule juu ale utamu wa ndani. Kilele kinakauka, maji yanaingia. Ukipasua gogo unakuta doa la buluu limeshuka na ubao, na mteja anaukataa. Hasara hiyo analipa nani?

Mama wa Kiambu Road: Kima anachuna misonobari kwa sababu tulimng'olea matunda yake tukampandia hiyo. Tazama msitu wa Karura hapa Nairobi: mbega waliletwa kutoka Kipipiri, na mikaratusi inaondolewa miti ya kienyeji irudishwe. Kateni mlichopanda, fundi, sikatai. Mpodo na mwangati msiuguse, hata uliosimama katikati ya shamba la misipresi.

Fundi Gikomba: Na nani atasimama pale saa nane usiku kuona lori limebeba mti gani? Mimi hununua kilichofika yadi.

Mama wa Kiambu Road: Wewe unaijua mwangati kwa harufu, fundi. Ukatae kuinunua.

Mjukuu wa Murang'a: Wakili, hujanijibu. Hicho kibali cha ngozi kinatolewa wapi?

Wakili Mtaani: KWS, shirika la wanyamapori, Lang'ata Road. Nenda na mzee mwenyewe.