Mlonge, choya na vidonge vya sukari: mgonjwa achanganye au aache?

Mwanzilishi, Mtwara Mjini
Wadau, habari za jioni. Mama yangu anaishi na kisukari mwaka wa tisa huu. Miezi miwili iliyopita alinunua unga wa mlonge kwenye gari la matangazo. Kipaza sauti kinanadi "antioksidanti zinazosafisha kongosho", yaani zile kemikali zinazosemekana kulinda mwili, kichupa elfu kumi na tano. Mlonge! Mti tulio nao uani, tunafungia mbuzi. Mama akaanza kuruka kidonge cha metformini cha jioni, kimyakimya. Kliniki hakusema, maana siku aliyotaja mizizi alifokewa mbele za watu. Nilijua kipimo cha sukari kiliposoma 19, juu mno.

Hoja yangu: kliniki za sukari na presha zimuulize mgonjwa anatumia mimea gani, ziandike kwenye daftari lake, zimwelekeze. Na muuza unga asiruhusiwe kutamka neno kongosho.

Mkulima wa korosho, Newala
La kuandika daftarini naunga mkono. La kumziba mdomo muuzaji, hapana. Bibo lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa, na kila msimu tukishanyofoa korosho mabibo yanaozea chini ya mikorosho, labda yale yanayokwenda kwenye uraka, pombe ya mabibo. Halafu tunaletewa vidonge vya vitamini kutoka nje. Hata hiyo metformini nasikia asili yake ni mmea. Wao wakiuza ni dawa, sisi tukiuza ni utapeli?

Muuguzi, Masasi
Shikamoo mzee wangu. Umesikia sawa, habari yake inaanzia kwenye mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Ila kemikali ya mmea ule ina sumu. Metformini ni ndugu yake aliyetengenezwa maabara, na hadi 1957 ndipo Jean Sterne kule Ufaransa alipotoa matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari. Kidonge kimeandikwa miligramu 500. Kijiko cha unga wa mlonge kina kiasi gani? Mimi sijui, wewe hujui, na mwenye kipaza sauti ndiyo kabisa.

Na hili la antioksidanti, kwamba zikizidi ndiyo heri, tulitazame vizuri. Finland waliwachukua wanaume 29,133 wavuta sigara, baadhi wakapewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti iliyo kwenye rangi ya karoti. Ilitarajiwa iwakinge saratani ya mapafu. Matokeo yalipotoka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wameugua saratani hiyo zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Karoti ya kwenye sahani haina kesi hapo, tatizo lilikuwa kidonge.

Ninaowahofia zaidi ni wenye figo mbovu, kwa sababu majani ya mlonge yana potasiamu nyingi na figo iliyochoka haiwezi kuitoa. Halafu wapo wanaokunywa karela, lile tunda chungu, juu ya glibenklamaidi, kidonge kingine cha kisukari. Vyote vinashusha sukari. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaanguka, nyumbani wanasema karogwa.

Kijana wa Lindi
Loliondo 2011 mmeshaisahau? Kikombe cha dawa ya mti cha Babu shilingi 500, magari yamepanga foleni ya kilomita nyingi, na wapo walioacha ARV, dawa za UKIMWI. Mimi napinga mimea yote kliniki. Ukifungua dirisha, nzi wote wanaingia.

Mama lishe, Mikindani
Jamani, choya, ile juisi nyekundu ya rozela, nauza mimi. Wateja wananiambia "dada, nipe ile ya presha." Ndoo moja natia kilo nzima ya sukari, bila hivyo hainyweki. Sasa mwenye kisukari na presha kwa pamoja nimemtibu nini hapo?

Muuguzi, Masasi
Dada umenichekesha, lakini umegusa penyewe. Marekani kuna utafiti uliochapishwa 2010, watu 65 wenye presha ya kupanda kidogo walijaribiwa: baadhi vikombe vitatu vya choya kila siku kwa wiki sita, waliobaki kinywaji cha kuigiza. Namba ya juu ya presha ilishuka kama 7 kwa wa choya, kama 1 kwa wengine. Ni kitu, ila hakimtoshi mwenye 180. Na haikuwa juisi ya kilo ya sukari.

Mwanzilishi
Kijana wa Lindi, dirisha limefunguka siku nyingi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002, na Baraza lake la kusajili waganga lipo. Mama hakusubiri ruhusa ya mtu. Kufokewa kulimfundisha kuficha tu.

Mzee wa Newala, bibo lako nalitetea kama tunda. Siku likisagwa likaandikwa "tiba ya sukari", nitakuuliza kipimo kama ninavyomuuliza yule wa gari.

Mama amerudia kidonge cha jioni. Mlonge anaupika kwa nazi, mboga kama mboga nyingine. Jumatatu ana kliniki, nikamwambia abebe kile kichupa akiweke mezani kwa daktari. Amekataa katakata. Nitakibeba mimi.